Kinga ya dola "isiyo na gharama": tusaini au tusisaini?

SWALI: Mimi ni mkuu wa fedha katika kampuni inayotengeneza vifungashio. Malighafi tunanunua nje kwa dola, kama milioni 6 kwa mwaka, na tunalipa siku 90 baada ya mzigo kupakiwa. Mauzo mengi ni kwa sarafu ya nyumbani, ila wateja wachache wa nje hutulipa dola, karibu milioni 2. Mwaka huu tunafungua kampuni tanzu katika nchi nyingine, na tumepewa mkopo wa dola kwa ajili hiyo kwa sababu riba yake ni asilimia 4, wakati mikopo ya huku ni asilimia 14. Benki yetu imetuletea mkataba wa kinga ambao hatulipi chochote mwanzoni. Dola moja sokoni ni 100 za nyumbani; sisi tutanunua dola 300,000 kila mwezi kwa 99, mwaka mzima. Dola ikigusa 110 wakati wowote mkataba unakufa. Ikiwa chini ya 99 mwisho wa mwezi, tunanunua mara mbili, 600,000, kwa 99 ileile. Bodi inataka tusaini wiki ijayo. Kampuni kubwa zenye shughuli nchi nyingi hufanyaje?

JIBU: Msisaini wiki ijayo. Hilo ndilo jibu fupi. Lile refu linataka subira kidogo, maana ndani ya swali lako mna maswali matatu: dola mnazonunua kila mwezi, mkopo wa kampuni tanzu, na hiyo karatasi ya benki. Bodi imeanza na karatasi. Kampuni zilizozoea kazi hii huanza upande mwingine kabisa. Karatasi ya benki huja mwisho, na mara nyingi kiasi chake huwa kidogo kuliko kilichodhaniwa mwanzoni.

Anza na pengo. Tengeneza jedwali la miezi 12 ijayo, kila mwezi na mstari wake: dola zinazoingia, dola zinazotoka, tofauti. Mnalipa milioni 6 na mnapokea milioni 2, kwa hiyo kinachowaumiza dola ikipanda ni milioni 4. Mkikinga zote 6, zile milioni 2 ambazo zilikuwa zimeshajikinga zenyewe zinageuka kuwa kamari: dola ikishuka, wateja wa nje wanawaletea dola zenye thamani ndogo, na wakati huohuo mkataba wa benki unawadai mnunue nyingine kwa bei ya zamani. Mtakuwa mmeumia pande zote mbili kwa jina la kujikinga.

Halafu tazama hizo milioni 2 zinafanywa nini zikishafika. Katika kampuni nyingi za ukubwa wenu hubadilishwa siku hiyohiyo kuwa sarafu ya nyumbani, na wiki mbili baadaye watu wa manunuzi wanarudi benki kununua dola. Tuseme katikati ya soko dola ni 100, benki inanunua kwa 98.5 na kuuza kwa 101.5. Kila dola inayopita njia hiyo inaacha 3 benki. Kwa dola milioni 2 ni milioni 6 za nyumbani kila mwaka, hata soko likilala fofofo. Kama sheria za fedha za kigeni za nchi yenu zinaruhusu, fungueni akaunti ya dola, zinazoingia zilale humo zikisubiri ankara. Ni kinga isiyo na jina la kifahari, na hakuna benki itakayokuja kuwauzia, lakini ndiyo ya kwanza na haina upande wa pili unaouma.

Makampuni makubwa hufanya jambo hilihili kwa upana zaidi. Kampuni tanzu zao huuziana vipuri, huduma na haki za kutumia nembo, kila moja kwa ankara zake. Mwisho wa mwezi kitengo cha hazina cha kampuni mama hukusanya ankara zote za ndani, hufuta zinazofutana, kisha kila kampuni tanzu hulipa au hupokea tofauti tu, malipo mamoja. Wengine huenda mbele zaidi: kila kampuni tanzu hununua na kuuza kwa sarafu yake yenyewe, ili hatari yote ya sarafu ikusanyike mahali pamoja, kwa watu wachache wanaoijua kazi, badala ya kutapakaa kwa mameneja kumi ambao kila mmoja anabashiri dola kivyake.

Sasa swali ambalo idara ya fedha peke yake haiwezi kulijibu: hatari yenu inaanza siku gani? Wahasibu watasema siku ya ankara, kwa kuwa ndipo deni linapoingia vitabuni. Wamechelewa. Inaanza siku ofisa mauzo anapomtajia mteja bei.

Fikiria wateja wenu wawili. Wa kwanza anapokea orodha mpya ya bei kila mwezi. Dola ikipanda leo, mwezi ujao atalipa zaidi, atanung'unika, atalipa. Kwake hatari yenu ni mzigo ulioko njiani na ule ulioko ghalani, basi. Wa pili amesaini bei moja ya mwaka mzima. Malighafi ni ileile, muuzaji ni yuleyule, siku 90 ni zilezile, lakini kwa huyu wa pili mmeuza kwa bei isiyobadilika kitu ambacho gharama yake hamjaijua. Huyo ndiye wa kukingwa, na akingwe siku mkataba wake unaposainiwa, maana siku hiyo ndipo mlipokokotoa faida kwa kudhani dola ni 100. Kwa hiyo kabla ya kukutana na benki, kaa na idara ya mauzo na muulizane: katika mauzo yetu, kiasi gani kina bei iliyofungwa, na kwa miezi mingapi? Mara nyingi hakuna mtu aliyewahi kukusanya takwimu hiyo, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Washindani nao wamo humo. Kama wote wananunua malighafi nje kwa dola, dola ikipanda bei za vifungashio zitapanda kwa wote, na soko lenyewe limewakinga kwa sehemu. Aliyejikinga kupita kiasi katika soko la namna hiyo anaweza kuumia dola ikishuka: wenzake wanapunguza bei, yeye amefungwa na dola za 105. Lakini kama mshindani mkubwa anapata malighafi ndani ya nchi, hakuna mkataba wa benki utakaowaokoa kwa miaka mitano. Mkataba utawapa mwaka mmoja wa kutafuta muuzaji mwingine au kubadilisha bidhaa. Kinga hununua muda wa kufanya mageuzi. Bodi zikisahau hilo huwa zinashangaa kwa nini mwaka wa pili kinga imekuwa ghali.

Kuna hatari moja ambayo ningeipita haraka: kampuni tanzu ikishaanza kazi, vitabu vyake vitatafsiriwa kwa sarafu yenu kila mwisho wa mwaka, na mizania itapanda au kushuka bila senti kuhama. Wakurugenzi huishtukia sana. Msitoe fedha taslimu kukinga namba za kitabuni, isipokuwa kama masharti ya mkopo wenu yana uwiano wa deni na mtaji unaoweza kuvunjwa na tafsiri hiyo. Hapo si ya kitabuni tena, kwa sababu benki inaweza kudai mkopo wote ulipwe.

Tuje kwenye mkopo wa dola. Hapa nina wasiwasi kuliko kwenye karatasi ya benki, na umeutaja kwa sentensi moja tu.

Laker Airways ya Uingereza ilijipatia umaarufu kuanzia 1977 kwa nauli rahisi kati ya London na New York. Wateja wake wengi walikuwa Waingereza waliolipa kwa pauni. Ndege zilinunuliwa kwa mikopo ya dola, na mafuta yalilipwa kwa dola. Mwishoni mwa 1980 pauni moja ilikuwa inapata zaidi ya dola 2.30, mwanzoni mwa 1982 ilikuwa imeshuka chini ya 1.90. Deni likavimba kwa pauni, na pauni hizohizo zilezile za abiria ndizo zilizotakiwa kulilipa. Februari 1982 kampuni ikafungwa. Haikuwa sababu pekee, mdororo wa uchumi na vita vya nauli vilikuwepo, lakini kampuni iliyokopa sarafu ya mapato yake ingeingia kwenye vita hivyo ikiwa imesimama.

Asilimia 4 na asilimia 14 haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa kuwa si riba za kitu kimoja. Mkikopa dola kwa 4 na dola ikapanda kwa asilimia 10 katika mwaka, mmelipa zaidi ya 14 kwa sarafu ya nyumbani. Soko linalijua hilo, ndiyo maana riba zimetofautiana. Kampuni tanzu yenu itauza kwa sarafu ya nchi ile. Basi mkopo wake, angalau ule wa kuendeshea kazi ya kila siku, uwe wa sarafu ile, hata kama riba inachoma macho. Dola zikopeshwe kwa shughuli inayoingiza dola. Ninyi mna mapato ya dola milioni 2, lakini zimeshatengewa malighafi. Msizihesabu mara mbili.

Wapo wanaoweza kukopa sarafu moja na kulipa nyingine kwa utaratibu. Mwaka 1981 IBM, iliyokuwa na madeni ya faranga za Uswisi na mark za Ujerumani, na Benki ya Dunia, iliyotaka sarafu hizo lakini ikapata masharti mazuri zaidi ikikopa dola, walikubaliana kila mmoja kubeba malipo ya mwenzake. Dalali wao alikuwa Salomon Brothers. Soko kubwa la kubadilishana madeni la leo lilichipua hapo. Kwa mkopo wa miaka mitano wa kampuni tanzu unaweza kuomba bei ya mkataba kama huo, lakini ukishajumlisha gharama zake usishangae kukuta asilimia 4 imerudi kuwa 13 na kitu.

Na usidanganywe na sarafu tulivu. Watu watakwambia sarafu ya nchi ile haijatikisika kwa miaka mitatu, hivyo dola haina tatizo. Benki Kuu ya Uswisi iliweka sakafu ya faranga 1.20 kwa euro Septemba 2011, ikailinda zaidi ya miaka mitatu, na tarehe 15 Januari 2015 ikaiondoa bila taarifa. Katika dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga 1. Argentina iliifunga peso kwa dola, moja kwa moja, tangu 1991, kampuni zikazoea kukopa dola kana kwamba ni peso. Mapema 2002 kifungo kikavunjwa. Sarafu inayoshikiliwa kwa mkono haionyeshi mtikisiko kidogo kidogo. Inakaa kimya, kisha inaruka yote kwa siku moja.

Sasa tunaweza kuongea na benki. Baada ya kazi ya ndani mmebakiwa na pengo, tuseme dola milioni 4, na ndani yake sehemu yenye bei iliyofungwa kwa wateja. Chombo cha kawaida kuliko vyote ni mkataba wa mbele: leo mnakubaliana kiwango, siku fulani ijayo mnakabidhiana pesa. Kabla ya Agosti 1971, Rais Nixon wa Marekani aliposimamisha kubadilisha dola kwa dhahabu, viwango vya sarafu kubwa vilikuwa vimefungwa, na mkuu wa fedha angeweza kuitumikia kampuni miaka mingi asiuhitaji. Leo ndio mkate wa kila siku.

Bodi yenu itagoma ikiona bei yake. Benki itasema dola ya mwaka mmoja mbele ni 109.6, na mtu mmoja mezani atauliza: "Kwani wana uhakika gani itafika huko?" Hawana, wala hawajabashiri. Namba hiyo ni hesabu. Ili benki ikukabidhi dola 1 baada ya mwaka, inanunua leo dola 0.9615 na kuiweka kwenye amana ya asilimia 4, itakuwa 1. Kuinunua leo kumeigharimu 96.15 za nyumbani, ambazo imezikopa kwa asilimia 14. Mwaka ukiisha deni hilo ni 109.6. Hapo hakuna utabiri, kuna tofauti ya riba mbili pamoja na faida ya benki. Kwa miezi mitatu hesabu hiyohiyo inatoa karibu 102.5. Ndiyo maana anayesema "109.6 ni ghali, tusubiri" hajalinganisha na kitu sahihi. Swali sahihi ni hili: tukimuuzia mteja wa bei ya mwaka kwa kukokotoa dola ya 109.6, bado tuna faida? Kama ipo, fungeni na mrudi kazini. Kama haipo, tatizo ni bei mliyompa mteja, na benki haiwezi kulitatua.

Hukumu ya baadaye ndiyo inayowatisha wakuu wa fedha. Mapema 1985 Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani Magharibi, iliagiza ndege 20 aina ya Boeing 737 kwa dola milioni 500, dola ikiwa karibu mark 3.2. Mwenyekiti wake, Heinz Ruhnau, alikinga nusu kwa mikataba ya mbele na kuacha nusu wazi. Mwaka mmoja baadaye dola ilikuwa kama mark 2.3, na nchi nzima ikamshambulia kwa kukinga hata hiyo nusu. Lawama ile haikuwa ya haki, kwa sababu ilitumia jibu la mtihani kumsahihisha mtu aliyeufanya bila jibu. Swali gumu lilikuwa lingine: Lufthansa iliingiza nayo dola kwa tiketi ilizouza nje, kwa hiyo je, pengo lake halisi lilikuwa kubwa kiasi kile? Tumerudi kwenye jedwali.

Kwa hiyo msikinge pengo lote kwa mkupuo mmoja, wala msisubiri siku nzuri. Wengi hupanga kwa tabaka: miezi mitatu ya karibu, ambayo maagizo yake yanajulikana, hukingwa kama robo tatu, mitatu inayofuata kama nusu, iliyobaki kama robo. Kila mwezi unaongeza kidogo. Asilimia hizo si sheria, zibadilisheni kulingana na jinsi makadirio yenu ya manunuzi yanavyotimia. Kama makadirio ya mwezi wa nane hukosea kwa theluthi, usikinge zaidi ya kile unachokiamini. Kwa sarafu ya kampuni tanzu, kama ina vizuizi vya kutoka nje, huenda mkataba wa mbele mtakaoupata ni ule ambao hakuna anayekabidhi sarafu hiyo: siku ikifika mnalipana tofauti tu, kwa dola.

Kuna hali moja ambapo ningelipia haki badala ya wajibu. Mmeingia kwenye zabuni ya nje, bei imetajwa kwa sarafu ya mteja, majibu baada ya miezi minne. Mkishinda mtahitaji kinga. Mkishindwa, mkataba wa mbele utabaki mkononi bila biashara nyuma yake. Haki ya kununua au kuuza kwa kiwango fulani, ambayo unaweza kuiacha ife, inagharimu ada ya wazi inayolipwa mwanzoni, na watu huichukia ada hiyo kwa sababu inaonekana. Bima ya moto nayo inalipiwa hivyo na hakuna anayelalamika ghala lisipoungua.

Chuki hiyo ya ada ndiyo iliyozaa karatasi mliyoletewa. Ifungue vipande. Dola ya miezi sita mbele, kwa riba ulizozitaja, ni karibu 104.9. Benki inawapa 99. Hizo karibu 6 kwa kila dola zimetoka wapi? Mmezilipa kwa vitu viwili: mmeiuzia benki haki ya kuwalazimisha mnunue mara mbili dola ikishuka, na mmekubali kinga ife dola ikipanda. Ninyi ndio mlioiuzia benki bima, wala si kinyume chake. Neno "bila gharama" lina maana kwamba bei ya mlichouza imelingana na bei ya mlichonunua, baada ya benki kukata faida yake ndani.

Tembeza namba. Dola ikibaki 103, mnapata nafuu ya 4 kwa dola 300,000, yaani milioni 1.2 kwa mwezi. Tamu. Huo ndio ukurasa ambao benki iliwaonyesha. Dola ikishuka hadi 90, mnalazimika kununua 600,000 kwa 99, hasara ya 9 kwa kila moja, milioni 5.4 kwa mwezi, wakati pengo lenu la mwezi ni kama 333,000. Karibu nusu ya dola hizo hamna kazi nazo na mtazirudisha sokoni kwa bei ya kutupa. Na dola ikigusa 110 mwezi wa nne, mkataba umekufa, miezi minane iliyobaki mko uchi. Tazama tena namba hiyo 110. Mwaka mmoja mbele soko lenyewe linaweka dola 109.6. Yaani benki imeweka mlango wa kutokea hapohapo ambapo tofauti ya riba inaelekeza bei, bila hata msukosuko wowote. Mnakingwa dhidi ya mvua za rasharasha, na mnaachwa masika.

Haya yameshatokea, tena kwa watu makini. Korea Kusini, mamia ya kampuni ndogo na za kati zinazouza nje ziliuziwa mikataba ya jamii hii, ikaitwa KIKO, kifupi cha maneno ya Kiingereza knock-in, knock-out, yaani inayoamka au kufa dola ikigusa namba fulani. Wao walikuwa wauzaji wa dola, kwa hiyo kisu kilikata upande wa pili: won ilikuwa kama 940 kwa dola mwanzoni mwa 2008, Novemba ikapita 1,500, na wakalazimika kuuza dola mara mbili kwa bei ya zamani. Baadhi zilifilisika zikiwa na maagizo ya kutosha kiwandani. Brazil mwaka huohuo, Aracruz, mzalishaji mkubwa wa massa ya karatasi mwenye mapato halisi ya dola, ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa mikataba iliyokuwa na kipande hikihiki cha kuongezeka upande mbaya. Haikuendelea kuwa kampuni huru. Mapato ya dola yalikuwepo. Kilichowazidi ni kiasi: mikataba ilikuwa mikubwa kuliko biashara pale ilipokuwa inauma.

Kama bodi bado inaitamani, iulizeni benki kwa maandishi: haki tuliyowauzia ina thamani gani leo, na mkataba mzima ukivunjwa kesho asubuhi tutadaiwa kiasi gani? Peleka masharti yaleyale kwa benki ya pili iyapigie bei. Jibu la hiyo ya pili ndilo litakaloonyesha faida iliyofichwa.

Uliza pia kuhusu dhamana. Baadhi ya mikataba inaipa benki haki ya kudai fedha taslimu kila thamani inapogeuka dhidi yenu, hata kama malipo yenyewe ni ya mwakani. Metallgesellschaft ya Ujerumani iliwaahidi wateja wake wa Marekani mafuta kwa bei isiyobadilika kwa miaka hadi 10, ikajikinga kwa mikataba ya muda mfupi. Mafuta yalipoporomoka 1993, hasara ya kinga ilidaiwa taslimu papo hapo, ilhali faida kwa wateja ingeingia polepole kwa miaka. Hasara ilipita dola bilioni 1. Wasomi bado wanabishana kama kinga ile ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Taslimu haikusubiri mjadala uishe.

Na benki yenyewe inaweza kuanguka. Tarehe 26 Juni 1974 wakaguzi wa Ujerumani waliifunga Bankhaus Herstatt ya Cologne jioni, ikiwa imeshapokea mark za wenzake, huku New York ikiwa ndiyo kwanza asubuhi na dola zake hazijalipwa. Mfumo wa CLS, unaokabidhi sarafu zote mbili kwa pamoja au usikabidhi kabisa, ulianza 2002 kwa sababu ya shimo lile. Kwa ukubwa wenu inatosha mikataba isilale yote benki moja.

Mteja asiyelipa, na serikali isiyoruhusu pesa itoke, ni hatari za aina nyingine na dawa zake zinajulikana, kwa hiyo sitazirefusha. Kwa mteja mpya wa nje dai LC (letter of credit), yaani benki yake ijifunge kulipa hati za mzigo zikiwasilishwa sawasawa, na mzisome UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, kabla ya kuandaa hati, maana benki hukataa malipo hati zikitofautiana na masharti. Mteja mkishamzoea, bima ya mauzo ya nje huwa nafuu zaidi. Kuhusu pesa kukwama, Procter & Gamble iliondoa kampuni zake za Venezuela kwenye hesabu za kundi mwaka 2015 na kuandika hasara ya dola bilioni 2.1, kwa sababu fedha zilikuwa hazibadilishiki. MIGA, taasisi ya kundi la Benki ya Dunia iliyoanzishwa 1988, huuza bima ya uwekezaji dhidi ya hali hiyo, dhidi ya kutaifishwa na dhidi ya vita. Kwa kampuni tanzu ndogo, bora msirundike faida kule: ipeni mkopo wa kampuni mama badala ya mtaji mtupu, itozeni ada halali za huduma, na gawio litoke kila mwaka. Mshauri wa kodi apitie bei mnazouziana na kodi ya zuio kabla hamjaanza, si baada ya ukaguzi.

La mwisho ni nani anashika kalamu. Showa Shell ya Japan ilitangaza mapema 1993 hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mikataba ya dola ambayo idara yake ya fedha ilikuwa ikiisogeza mbele mwaka baada ya mwaka kwa viwango vya zamani, ili hasara isionekane. Anayepiga simu kufanya mkataba asiwe anayeupokea uthibitisho wa benki, na wote wawili wasiwe wanaouandika vitabuni. Bodi ipitishe ukurasa mmoja: tunakinga nini, hadi kiasi gani, kwa vyombo vipi, na kwamba kuuza haki yoyote kwa benki ni marufuku bila kibali chake. Sentensi hiyo ya mwisho ingekuwepo, karatasi mliyoletewa isingefika mezani.

Kuhusu mikataba ya mbele mtakayoanza nayo, zungumza na mkaguzi wenu mapema juu ya IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayohusu mikataba ya aina hii. Mkitaka faida na hasara ya kinga ziende pamoja na malighafi badala ya kuyumbisha faida ya kila robo mwaka, uhusiano kati ya mkataba na manunuzi unayoyakinga lazima uandikwe siku uhasibu huo unapoanza. Ukiandikwa Desemba kwa mkataba wa Machi, hauwezi kurudishwa nyuma.